Beseni la Amélie

"Gélase, mutu akikuja kukugonga na gari, we utamujua ku uso ao ku mugongo?"

Swali hilo Mama Orpha, jirani yake, alimuuliza Gélase wiki mbili nyuma, kila mmoja akiwa upande wake wa ukuta kule Nyakabiga. Redio ilikuwa imetoka kusema kwamba mswada umefika kwa wabunge: magari yaachane na plaki ya mbele, ibaki ile ya nyuma peke yake. Vibao vya namba vimekuwa haba, ilisema redio, watu wanangoja miezi mingi kupewa viwili, kwa hiyo kimoja kitatosha. Mama Orpha alikuwa anachambua maharagwe na hakuinua kichwa. Gélase, opeji wa polisi mwenye miaka kumi na tisa katika upelelezi wa ajali za barabarani, alicheka kidogo akajibu kwamba mambo ya wabunge yana wenyewe. Mama Orpha akaendelea kutoa vijiwe kwenye ungo wake. Alikuwa ameuliza kitu cha maana akajibiwa upuuzi, na aliona hana haja ya kuuliza tena.

Ijumaa hii asubuhi Gélase alikuwa amesimama mbele ya kasho, chumba cha mahabusu pale kituoni, ameshika bakuli la maharagwe alilopewa na Mama Orpha huyo huyo ampelekee mfungwa, na swali limemrudia.

Ndani ya kasho, juu ya saruji, alikaa Claude, dereva wa gari la mikate na kiongozi wa kwaya. Siku ya kwanza wanakwaya walimletea chakula, kwa maana pale kituoni mtu hulishwa na watu wake. Siku ya pili walikuja wawili, wakaweka sahani chini wakaondoka bila kumsalimia. Leo, siku ya tatu, hakuja mtu. Muzee Arnaud, mzee wa kanisa lao, alikuwa amesimama jana makaburini akasema kwamba anayemlisha Claude anakula sahani moja na muuaji wa Amélie. Watu wakaitikia amina.

Amélie alikuwa muuza ndagala. Jumanne, saa kumi na mbili na nusu za asubuhi, alikuwa ametoka kununua samaki kwa wavuvi wa Kajaga, anafuata barabara ya Gatumba kwenda mjini, gari jeupe likamgonga. Halikusimama. Amélie alikata roho pale pale, kandambili moja mguuni. Jioni ya siku ile ile Claude akakamatwa, na leo saa tisa alasiri angepelekwa kwa waendesha mashtaka, na kutoka huko mtu huenda gereza la Mpimba, na Mpimba mtu anaweza kungoja hakimu mpaka watoto wake wasahau sauti yake.

Gélase alipitisha bakuli kati ya vyuma, akasema limetoka kwa Mama Orpha, kisha akamwambia Claude aeleze tena habari ya plaki. Claude alieleza kwa uchovu, kama mtu anayerudia sala asiyotegemea tena kujibiwa. Jumapili, baada ya ibada, alichukua bisibisi akatoa plaki ya mbele ya gari lake jeupe. Jumatatu askari wa barabarani akamsimamisha akamwandikia faini kwa kukosa plaki ya mbele. Jumanne hakumgonga mtu.

"Nani alikuambia utoe?"

"Redio, shefu."

"Redio ilisema mswada. Mswada ni kitu wanakwenda kuzungumzia."

"Shefu, hapa kwetu redio ikisema kitu, we unangoja nini tena? Nilisema nitangulie, kesho wasinisumbue." Claude alitafuna kidogo. "Kumbe nimetangulia kweli."

Gélase alirudi mezani akafungua faili. Mlikuwa na karatasi tatu tu. Ya kwanza ni ushahidi wa Bahizire, mwendesha baiskeli ya mizigo, aliyesema gari lililoua lilikuwa jeupe na mbele halikuwa na plaki. Ya pili ni ile faini ya Jumatatu, iliyoonyesha kwamba gari la Claude halikuwa na plaki mbele. Ya tatu ni mchoro wa barabara ambao askari wa zamu walichora Jumanne.

Komanda wa kituo aliingia huku akijipepea kwa kofia. Hakuelewa faili hilo linangoja nini. "Gari nyeupe, haina plaki mbele, dereva anapita fasi ile kila asubuhi na mikate yake. Unataka nini tena, Gélase? Malaika ashuke aweke sahihi?" Akatupa juu ya meza karatasi nyingine, iliyotoka kwa wakubwa: kila kituo kiseme, kabla wabunge hawajapiga kura, kama plaki ya mbele inasaidia kazi ya polisi. Nafasi ya kujibu ilikuwa mistari mitatu. "Andika haisaidii. Nusu ya mji wameshazitoa."

Gélase aliiweka kando, akarudi kwenye mchoro. Askari walikuwa wamepima vizuri. Mwili hapa, kandambili pale, ndagala zimetapakaa hatua kumi na moja kando ya lami. Akausoma mara ya pili, kisha mara ya tatu, kidole kikifuata kila neno. Ndagala, ndagala, ndagala. Mwanamke hatoki Kajaga ameshika ndagala mkononi. Samaki wale walikuwa ndani ya chombo, na kwenye mchoro hakukuwa na chombo chochote.

Akachukua pikipiki ya kituo.

*

Pale Amélie alipofia palikuwa na kifungu cha maua ya boma yaliyokwisha kunyauka, na harufu ya samaki bado ilikuwa kwenye udongo. Magari yalipita machache. Ilikuwa ni miezi ile ya kukosa mafuta, foleni kwenye vituo zikilala siku tatu, na mwenye kutembea na gari alitazamwa kama mwenye siri. Gélase aliliandika hilo kwenye kidaftari chake. Kisha akakaa juu ya jiwe akamngoja Bahizire, maana alijua saa zake.

Bahizire alikuja akisukuma baiskeli yenye mifuko minne ya simenti, jasho likimtiririka mpaka kwenye kidevu. Alipomwona Gélase alisalimia kwa heshima nyingi kupita kiasi.

"Ile gari uliiona ikikuja ao ikienda?"

"Ikikuja, shefu. Mbele haikuwa na plaki."

"Taa zilikuwa zinawaka?"

Bahizire alifikiri. "Sikuangalia taa."

"Dereva mwanaume ao mwanamuke?"

"Mi niliruka mu mufereji, shefu. Sikuona mutu."

"Taa hukuona. Dereva hukuona. Gari inakuja mbio, we unaruka mu mufereji, na kitu moja tu ulichoona ni kile chenye hakikuwapo."

Bahizire alifuta jasho kwa bega. Alisema yeye ni mukongomani, mutu wa kutafuta, ana karatasi zake zote, asiingizwe katika mambo. Gélase alimuuliza ni nani aliyempeleka kituoni kutoa ushahidi. Akajibu alikuja mwenyewe, kwa dhamiri. Akamuuliza simenti hii ni ya nani. Ya duka, alijibu. Duka la nani? Bahizire aliangalia tairi la mbele la baiskeli yake muda mrefu.

"Ya Muzee Arnaud."

Hilo peke yake halikuwa kitu. Nusu ya Gatumba ilibeba mizigo ya Muzee Arnaud, na nusu nyingine ilikuwa na deni la shukrani kwake, maana mzee huyo ndiye aliyenunua jeneza la Amélie na kulibeba makaburini kwa gari lake mwenyewe. Gélase aliandika jina kwenye kidaftari, bila mstari chini yake.

*

Nyumba ya Daphrose, dada mkubwa wa marehemu, ilikuwa Gatumba, na ukutani bado lilionekana kovu la mafuriko ya miaka iliyopita, mstari wa tope uliokauka juu ya kiuno cha mtu. Wanawake wa msiba walikuwa wamekaa chini kwenye mkeka. Gélase alivua kofia, akapewa kigoda, akakaa kimya kwa muda unaostahili, ndipo akatoa pole.

Daphrose ndiye aliyeweka sahihi kwenye mashtaka dhidi ya Claude. Alizungumza bila kupandisha sauti. Huyo Claude, alisema, alikula Pasaka kwenye mkeka huu huu, Amélie akimkatia samaki wa mukeke mkubwa kuliko wa mumewe. Aende Mpimba akaimbie kunguni.

"Mama Daphrose, ndagala za dada yako zilitapakaa barabarani. Zilikuwa mu nini?"

"Mu beseni yake."

"Beseni iko wapi?"

Alimwangalia kama mtu aliyeulizwa kama jua lipo. Beseni lilikuwa ndani. Alilichukua yeye mwenyewe kwenye matete, kabla polisi hawajafika. "Vitu vya mutu amekufa havilale ku barabara, bwana opeji. Gari zivikanyage tena?"

Gélase hakumlaumu. Mama yake mwenyewe angefanya vile vile. Beseni likaletwa, la aluminiyo, limesuguliwa kwa majivu mpaka linang'aa, na chini ya ukingo msalaba mdogo uliochorwa kwa msumari, alama ya Amélie, ili lisichanganywe na ya wenzake kule Kajaga. Upande mmoja, kwa ndani, kulikuwa na kiraka kipya. Gélase alipitisha kiganja kuzunguka kiraka. Laini kama shavu la mtoto.

Daphrose alieleza kwamba lilikuwa limekunjamana na kupasuka. Amélie alikuwa ameliweka juu ya jiwe ili afunge kitenge vizuri, ndivyo ilivyoonekana, na gari likamkuta anainama kulinyanyua. Jumanne jioni Muzee Arnaud alikuja kuomboleza, akaliona pale pembeni. Akasema mtoto wa Amélie asikue akiangalia kidonda kile, heri litengenezwe, siku moja binti alitumie. Jumatano asubuhi alilibeba mwenyewe kwenye gari, jioni akalirudisha hivi.

"Alilipa yeye," alisema Daphrose, na kwa mara ya kwanza macho yake yalilowa. "Mutu wa Mungu."

Gélase aliomba kuliazima beseni. Aliandika stakabadhi, akaisoma kwa sauti, Daphrose akatia sahihi. Alimwambia afike kituoni kabla ya saa tisa, kama mlalamikaji, aone kila kitu kwa macho yake. Na aliuliza jina la fundi.

*

Fundi aliitwa Tajudini, na kibanda chake kilikuwa Buyenzi, mtaa wa makanika, ambako kelele za nyundo huanza alfajiri na haziipishi hata adhana ya adhuhuri. Siku hizo mtaa mzima ulikuwa umepata biashara mpya: kila hatua kumi fundi mwenye bisibisi alimwita dereva amtolee plaki ya mbele upesi upesi, kabla ya askari. Kabla ya sheria pia, ila hilo hakuna aliyelisema.

Tajudini alilichukua beseni akaligeuza mara moja tu. "Kazi yangu naijua."

"Aliyeleta alisema ufanye nini?"

Hapo Tajudini akaweka nyundo chini, maana jambo lenyewe lilikuwa bado linamkera. Alisema wateja wake wote ni watu wa aina moja: fundi, ziba tundu, makunyanzi achana nayo. Chombo kikishika maji kinatosha. "Huyu muzee akasema, apana, piga mpaka isionekane hata alama. Nikamwambia, muzee, aluminiyo itabaki nyembamba kama karatasi. Akasema piga. Akakaa pale ku pipa la mafuta, wallahi, mpaka nimemaliza."

"Alama gani ilikuwa pale?"

"Kama nambari zimesukumwa. Ukiangalia ndani, zinatokeza. Sikuzishika mu kichwa, shefu, mi ninashika kazi."

Gélase alilitazama beseni tena. Mtu mmoja alilichukua kwa upendo, mwingine akalipiga kwa amri, na kati ya hao wawili ushahidi wote ulikuwa umesuguliwa kwa majivu. Aliuliza swali lake la mwisho bila matumaini, kwa sababu tu ilimbidi kuandika kila hatua: kiraka hiki, ulikiingizaje, ulikipima namna gani?

Tajudini alishangaa kwamba mtu mzima hajui kitu hicho. Fundi hapimi kwa macho. Anachukua karatasi ya mfuko wa simenti, anaitandika juu ya mpasuko kwa ndani, anasugua kipande cha makaa juu yake. Kila kinachotokeza kinajichora cheusi, na mpasuko unabaki na kingo zake. Kisha analaza bati juu ya karatasi, anakata. Na karatasi hatupi, maana mteja anaweza kurudi.

Alinyoosha mkono bila kuinuka. Kwenye msumari wa nguzo kulikuwa na karatasi zimetungwa kama majani ya kitabu. Alipekua tatu, akang'oa ya nne.

Katikati ulipita mpasuko, kama mdomo uliofunuliwa. Kushoto kwake makaa yalikuwa yamevurugika. Kulia zilisimama tarakimu tatu nyeusi, nene, za ukubwa ule ule unaojulikana na kila askari wa barabarani: saba, nne, tatu.

"Muzee hakuona ukisugua?"

"Aliona. Ila hakuwaza karatasi, alikuwa anaangalia nyundo tu."

Gélase alikaa kwenye lile pipa la mafuta. Akaandika maelezo ya Tajudini kwa Kiswahili, kama yalivyosemwa, akamsomea neno kwa neno. Tajudini akaweka jina lake kwa herufi za Kurani. Kisha Gélase akafungua faili akaitoa ile faini ya Jumatatu, akailaza juu ya goti, karibu na karatasi ya simenti.

Namba ya gari la Claude iliishia na mbili, sifuri, nane. Lakini hata bila tarakimu, jambo lilikuwa wazi. Kilichochapa beseni la Amélie kilikuwa plaki ya mbele. Na Jumatatu, siku moja kabla, askari aliyeweka muhuri wa serikali aliandika kwa mkono wake kwamba gari la Claude halina plaki ya mbele. Karatasi ile ile iliyomfunga ilikuwa inasema, tangu siku ya kwanza, kwamba si yeye. Hakuna aliyeisoma kwa upande huo, na Gélase alijihesabu pamoja nao.

*

Saa saba na nusu alifika kwenye duka la Muzee Arnaud. Mzee alikuwa mnene, mpole, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuombea wengine. Alimletea Gélase kiti kivulini na soda baridi. Gélase alishukuru, soda akaiacha juu ya mfuko wa misumari.

Gari lilikuwa uani. Jeupe. Mbele, mahali pa plaki, palikuwa na matundu mawili ya skrubu, na chini yake bampa lilikuwa na rangi mbichi, nyeupe kuliko ile ya kuzunguka.

"Naona umetoa plaki, muzee."

"Tutii wenye mamlaka, mwanangu."

"Sheria bado haijapita."

"Itapita. Mi nilitoa Jumapili, baada ya ibada. Sawa na huyo kijana." Alitikisa kichwa kwa huruma. "Claude namuombea. Ila damu ni damu."

Gélase alizunguka polepole, kama mtu anayenyoosha miguu. Plaki ya nyuma ilikuwa mahali pake, na alihitaji kuitazama mara moja tu. Kisha akasimama, akamwambia mzee kwamba saa tisa Claude anapelekwa, na kwamba familia ya marehemu ingefarijika kama mzee wa kanisa angekuwapo. Muzee Arnaud alisema hilo ni jukumu lake. Akaingia ndani kuchukua koti na Biblia.

Alikuja mwenyewe, kwa gari lake, dakika ishirini kabla ya saa tisa.

*

Uani mwa kituo Daphrose alikuwa amekwisha kufika, amesimama kando na kitenge cha msiba. Claude alikuwa ametolewa, mikono imefungwa, amekaa chini ukutani kungoja gari la kumpeleka. Alipoona gari la Muzee Arnaud akainamisha uso. Komanda alikuwa mlangoni.

Gélase hakutoa hotuba. Alimwomba Komanda asogee nyuma ya gari la mzee. Alitoa karatasi ya simenti, akailaza juu ya plaki ya nyuma, akaifuata kwa kidole: saba juu ya saba, nne juu ya nne, tatu juu ya tatu. Ukubwa mmoja, nafasi moja. Akaeleza kwa maneno machache karatasi imetoka wapi, na beseni alilipeleka nani kwa Tajudini, na kwa amri gani. Beseni lenyewe akaliweka chini, kwenye jua.

"Kuna gari nyingi zinamalizika na saba, nne, tatu," alisema Muzee Arnaud. Sauti ilikuwa bado ya sala.

"Zipo. Plaki yako ya mbele iko wapi?"

"Nilitupa."

"Apana, muzee. Wewe ni mutu wa duka. Plaki inangojwa miezi, na wabunge bado hawajapiga kura. Mswada ukikataliwa, utaihitaji. Huwezi kutupa kitu kama hicho." Gélase alifungua mlango wa nyuma wa gari. Zulia la sakafuni lilikuwa jipya, harufu ya petroli imejaa mle ndani kama ndani ya tangi. Aliinua zulia. Plaki ilikuwa pale, imefungwa katika gazeti, imenyooshwa kwa mkono, lakini katikati bado imebonyea, na kwenye ubonyeo ule uling'aa mstari mwembamba wa aluminiyo.

Muzee Arnaud akaketi kwenye ukingo wa gari lake, Biblia magotini.

"Nilikuwa na bidoni kumi na mbili za petroli ya magendo, kutoka ng'ambo ya mpaka. Ningesimama, wangeona. Nilijua amekufa. Kusimama kungemusaidia nini?" Alimgeukia Daphrose. "Jeneza nililitoa mimi, mwanangu. Na mtoto nitamusomesha."

"Na Bahizire?" aliuliza Gélase.

"Alikuwa ananidai kazi ya wiki. Nilimuambia nitamulipa akitoka kutoa ushahidi."

Komanda alikohoa. Akamwita askari alete kiti, mzee asikae vibaya namna hiyo, na maji ya kunywa. Kiti kikaletwa, chenye mto. Claude alikuwa bado amekaa chini kwenye saruji, na ilichukua muda mtu kukumbuka kumfungua mikono.

Gélase aliingia ofisini kuandika. Alipomaliza maelezo, akaivuta ile karatasi ya wakubwa, ya kuuliza kama plaki ya mbele inasaidia. Mistari mitatu ilikuwa mingi. Aliandika: *Imesaidia mara moja, ikiwa imechorwa kwa makaa na fundi wa masufuria. Amélie haikumsaidia.* Akaweka tarehe na muhuri. Komanda aliisoma juu ya bega lake, akasema karatasi ya namna hiyo haipandi juu. Akaichukua, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni mwake.

Claude aliletwa kusaini. Alirudishiwa mkanda, kamba za viatu na simu iliyokwisha chaji. Komanda alimnyooshea mkono akasema makosa hutokea. Claude aliutazama mkono ule mpaka Komanda akakumbuka kazi nyingine.

Daphrose alikuwa mlangoni, amelikumbatia beseni kifuani. Alikuwa ametafuta maneno tangu uani, na sasa yalimtoka vibaya.

"Claude, mwana wa mama. Mi njo niliweka sahihi. Walituambia, na sisi tukaamini. Hata chakula... Jumapili utakuja kutuimbisha? Kwaya haina mutu."

Claude alikuwa ameinama, anafunga kamba za kiatu cha kulia. Akamaliza. Akaanza cha kushoto, tundu kwa tundu, bila haraka. Aliposimama aliokota bakuli tupu lililokuwa kando ya mlango wa kasho, akalifuta kwa shati lake.

"Hii nitamurudishia Mama Orpha mimi mwenyewe," alimwambia Gélase.

Kisha akalitia kwapani, akapita kati ya Daphrose na kizingiti, karibu sana hata bega lake likagusa beseni, akaenda zake.